Pasipoti na Ugomvi wa Kisimani

Ipo alasiri moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko nyingi nilizozipoteza njiani. Nilishuka Garissa nikiwa na vumbi la nchi tatu mwilini. Nilitoka Juba. Lori la saruji lililokuwa likirudi tupu lilinifikisha Nimule, basi likanivusha Uganda, na Nairobi sikukaa ila kungoja gari lijae. Kisha tukashika njia ya mashariki: Thika, Mwingi, Ukasi, na baada ya hapo ile barabara iliyonyooka, isiyompa dereva kazi wala abiria cha kutazama. Mimi mwenyewe ni dereva. Kukaa kiti cha abiria huniumiza magoti.

Pale Madogo, kabla ya daraja la Tana, tulishushwa sote tukapanga foleni, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Mimi sikuwa nacho. Kiliungua Juba pamoja na kibanda nilichokuwa nikilala. Nilibaki na pasipoti tu, ile ya aina ya zamani ambayo serikali ilikwisha kutangaza kwamba itaondolewa.

Askari aliifungua, akahesabu mihuri kwa kidole. "Hii inakaribia kufa."

"Ndiyo, afande. Ndiyo iliyonirudisha."

Akanitazama kidogo. "Wenzako hurudi kuona mama."

Mama alikwisha kufariki, na ingawa maneno ya askari yalikuwa ya mzaha, yaliniingia moyoni. Nilirudi garini.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mke hakuna, nyumba hakuna, na sikuona kwamba nimepungukiwa. Tangu nimalize shule ya sekondari nilikuwa kiguu na njia: Mombasa, Kampala, Juba, nikirudi Mombasa, nikitoka tena. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, nami nilikuwa nimekula yangu mpaka magotini. Sasa kampuni moja ya malori huko Salalah, Oman, ilikuwa imenikubali. Sharti lao lilikuwa moja tu: pasipoti mpya, na niwe nimefika kabla ya Ramadhani. Nisipofika, kiti changu angepewa mwingine. Nilikitaka kiti kile, mwanangu, jinsi ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji anavyotaka birika la kisimani. Si kwa mshahara peke yake. Nilitaka barabara nisiyoijua.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye ofisi ya vitambulisho kabla ya mlango kufunguliwa. Karani, dada wa bara mwenye sauti ya upole, aliniwekea kidole kwenye mashine. Jina langu likatokea, na picha yangu ya ujana, shingo nyembamba kama ya mbuni.

"Mashine imekukubali," akasema. "Lakini wewe ni mtu wa mpakani. Wazee wa kwenu wakutambue kwanza, ndipo utapata kitambulisho, halafu uje na hiyo pasipoti."

Sikufichi kitu hapa. Ndugu yetu wa bara akipoteza kitambulisho huripoti polisi, hulipa, hungoja. Sisi wakati ule tuliulizwa babu wa babu. Siku hizi tunaambiwa mchujo ule umeondolewa, na kama umeondoka kweli alhamdulillahi, maana haikuwa haki. Lakini haki na hekima ni vitu viwili, na mahali pengine nimeokota hekima ndani ya jambo lisilo la haki. Ndilo ninalotaka kukusimulia.

Nje ya ofisi nikakutana na Farah, niliyesoma naye. Farah hakuwa na ofisi, ofisi yake ilikuwa kivuli cha ukuta wa ofisi za watu. Alijua kila karani na kila foleni.

"Buda, unahangaika na nini? Hapa kila kitu iko na njia yake," akaniambia. "Wazee wanataka kuona mtu wa familia. Una adeer?"

Adeer ni ndugu wa baba, na ndivyo tunavyomwita pia mzee yeyote wa heshima. Nikamwambia wa kwangu wamebaki kwetu Diff, mpakani na Somalia, na Diff ni mbali, na siku zinakwenda.

"Basi tutakodi mmoja."

Usicheke, mwanangu. Ulikuwa mtindo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Gure, mpole, mwenye kanzu safi na mswaki wa mti mdomoni wakati wote, ambaye alikuwa ameshakuwa baba mdogo wa vijana wengi kuliko alivyoweza kukumbuka. Nilikaa naye mchana mzima kwenye kibanda cha chai nikimfundisha majina ya baba zangu, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyofundishwa utotoni kabla ya kufundishwa kusoma. Alishika haraka. Alishika haraka kuliko mimi, maana jina la saba nililisahau, tukapiga simu Diff kwa shangazi yangu Habiba kumwuliza. "Ulikuwa unajua," akasema shangazi, akanipa jina, akakata simu.

Wazee walikuwa watatu, wamekaa kwenye viti vya plastiki barazani. Wa katikati ndiye aliyekuwa mkubwa wao: Mzee Dahir, ndevu za hina, sikio moja zito, mzaliwa wa upande wa Diff kama mimi. Gure akaanza. Alitiririsha majina yangu kwa sauti nzuri hata mimi mwenyewe nikajiona mtu wa maana. Wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa. Nikaanza kuona Salalah.

Alipomaliza, Mzee Dahir akamwambia taratibu, "Mashallah. Sasa tuchoree alama ya ngamia wenu."

Unajua kwamba kila ukoo huwachoma ngamia wake alama yake, ili mnyama akipotea hata Somalia ajulikane ni wa nani. Gure hakusita. Aliinama akachora kwa mswaki wake kwenye vumbi la baraza: mstari, na kijiti kimepinda juu yake.

Mzee Dahir akainama kutazama. Akatazama muda mrefu.

"Hiyo ni ya ngamia wangu," akasema. "Gure, leo umekuja kuniibia?"

Wale wazee wawili walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Gure naye akacheka, akasimama, akakung'uta kanzu, akaniambia pembeni, "Hiyo hukunifundisha," akaomba nauli ya tuktuk, akaenda zake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Gure alijua pa kushukia. Aliyebaki barazani ni mimi.

"Sasa wewe," akasema Mzee Dahir. "Chora."

Nikainama. Alama yetu nilikuwa nimeiona utotoni mara zisizo na idadi, lakini kidole kilisimama hewani. Mduara ulikuwepo, nilikumbuka mduara. Mstari ulikuwa juu au chini? Na ulichomwa shingoni au shavuni?

"Baba yako Hassan nilimjua," akasema. "Nilikuwepo mazishini. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa njiani, adeer."

"Ukija?"

"Hapana."

Halafu mzee akasema neno ambalo mpaka leo hunirudia nikiwa nyuma ya usukani.

"Majina yako nimeyasikia, ni ya kweli. Lakini majina hayo yangesemwa hata na Gure, na yamesemwa. Mimi sitakiwi kusema kwamba baba yako ni wetu. Natakiwa kusema wewe ni wetu. Nikisema leo, nitakuwa nimeapa juu ya mtu nisiyemjua."

Nikamwambia kwa uchungu kwamba hakuna raia mwingine wa nchi hii anayefanyiwa hivi. Wale wawili walikunja uso, yeye hakukunja.

"Kweli," akasema. "Serikali imekosea kukuleta kwangu. Lakini umeshaletwa, na mimi siwezi kusema uongo kwa sababu serikali imekosea. Nenda Diff. Kaa huko. Siku mtu wa Diff atakaponiletea habari yako bila mimi kumwuliza, nitatia sahihi."

"Habari gani, adeer?"

"Yoyote."

"Ramadhani imekaribia."

"Ramadhani huja kila mwaka."

Nilitoka pale damu ikinichemka. Farah alinishauri tungoje baraza jingine lenye wazee wengine, lakini mimi kungoja siwezi. Ndiyo tabia yangu, na safari hii iliniokoa. Nikapanda lori la unga lililokuwa likielekea mpakani.

Tulisimama Dagahaley kushusha mzigo. Ni kambi ya wakimbizi, lakini mtu asiyejua angedhani ni mji, maana ina maduka, shule, misikiti, zahanati, na foleni ya posho. Nilikunywa chai karibu na fundi cherehani wa umri wangu, nikamsimulia hasira zangu zote. Alikuwa ameletwa pale akiwa mgongoni kwa mama yake. Alinionyesha karatasi yake ya ruhusa ya kusafiri, ya kwenda hospitali Garissa na kurudi. Kila akitaka kutoka kambini lazima aiombe upya, na ikiisha muda wake akiwa nje ya kambi, atakamatwa. Aliikunja vizuri akaishika juu ya goti.

"Wewe umeambiwa rudi kwenu," akasema bila ubaya. "Mimi nikiambiwa hivyo, nishukie wapi?"

Nilimlipia chai.

Diff nilikuta jua, mbuzi, na shangazi Habiba akiwa amekonda. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alinipa maziwa, akanionyesha pa kulala. Kesho yake nikaanza kazi ya kujulikana, na niliifanya kama mtu anayepakia lori kwa saa. Nilisalimia kila mtu. Nilikaa kila kibanda. Niliswali safu ya mbele. Watu walinipokea kwa adabu kubwa: karibu, kaa, kunywa, habari za ughaibuni. Wakaniachia mkeka mzuri. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu mkeka mzuri hupewa mgeni. Wiki ikapita. Hakuna aliyekuwa akienda Garissa na habari yangu, kwa sababu habari yenyewe haikuwepo. Jioni nilikuwa nikitembea mpaka mwisho wa mji, ambako barabara inaingia Somalia, nageuka, natembea tena. Shangazi alinitazama akasema, "Hata fisi hupumzika."

Siku ya kunywesha ikafika. Kisimani pana utaratibu wake: kila nyumba ina zamu, na zamu haivukwi. Shangazi alikuwa na ngamia wachache, hana mtoto wa kiume, na nikaja kujua kwamba kwa muda mrefu zamu yake ilikuwa ikisukumwa nyuma kidogo kidogo, kwa heshima, na yeye akinyamaza. Siku ile nilikuwa nimesimama kwenye birika na fimbo. Akaja mtu mmoja, Issack, na kundi lake kubwa, akawaingiza ngamia wake mbele ya wetu bila hata kunitazama.

"Hii zamu ni ya Habiba," nikamwambia.

"Habiba hana haraka," akajibu.

Mwanangu, maneno niliyoyatoa pale sitayaandika. Nilimtukana yeye na kundi lake, nikampiga fimbo ngamia dume aliyetangulia mpaka kundi zima likatawanyika, maji yakamwagika, na watoto wakapanda juu ya ukuta ili waone vizuri. Mtu alinishika kwa nyuma, mwingine akamshika Issack.

Alasiri ileile wazee wa Diff walikaa. Matusi kisimani si jambo dogo. Maji ni ya Mungu, na anayeyatia ugomvi hutozwa. Nikatozwa kondoo mmoja. Nikasimama haraka, kama kawaida yangu, nikasema nitamnunua sasa hivi, mimi ni mpita njia, nilipe niende.

Mwenyekiti wao akatikisa kichwa. "Mpita njia hatozwi. Mpita njia akikosa husamehewa, akapewa maji akaenda. Tumekutoza wewe. Kwa hiyo tunauliza: nani anasimama na huyu?"

Hiyo ndiyo desturi. Faini si ya mtu mmoja, ni ya ukoo wake. Lazima watoke watu waseme kosa hili ni letu. Pakawa kimya. Nilitazama chini. Nilikuwa nimewahi kuzuiliwa mipakani, nimewahi kulala mahabusu Juba, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kimya. Hakuna mtu pale aliyekuwa na sababu ya kusimama. Sikumzika baba yangu. Harusi zao sikuzihudhuria. Walipopatwa na ukame, mimi sikuwatumia hata salamu.

Akasimama kijana mmoja mwembamba, mjukuu wa ndugu wa babu yangu. Jina lake nilikuwa silijui. Katika zile salamu zangu za haraka nilikuwa nimempita.

"Ni wetu," akasema. "Ana mdomo mbaya kama baba yake."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikawainua wengine, mmoja, halafu wawili, halafu nikaacha kuhesabu kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi. Kondoo alichinjwa. Issack na mimi tukala sinia moja, ndiyo sharti. Alinisogezea kipande cha mafuta, akanung'unika kwamba dume lake bado linachechemea. Zamu ya shangazi ilirudi mahali pake, na haikusemwa tena.

Siku chache baadaye Issack alishuka Garissa kuuza mifugo sokoni. Akamkuta Mzee Dahir, na kabla ya kumaliza salamu akaanza kunishtaki: mtoto wa Hassan amerudi, amenitukana mbele ya watu, amepiga ngamia wangu, ukoo wake umenilipa kondoo kibogoyo. Mzee Dahir alimsikiliza kwa sikio lake zuri mpaka mwisho. Kisha akaagiza niitwe.

Nilimkuta kwenye baraza lileile. Alikuwa ameshatia sahihi.

"Adeer, ile ilikuwa habari mbaya," nikasema.

"Nilisema yoyote. Mgeni huzungumziwa vizuri. Issack amekusema kama mtu anavyomsema jirani yake." Akanipa karatasi. "Na siku nyingine usipige mnyama. Mnyama hakukutukana."

Kitambulisho kilitoka, na baada yake pasipoti, ngumu, mpya, ikinuka gundi. Kampuni ya Salalah walikuwa wameshachoka kunipigia simu, lakini kiti kilikuwa bado wazi. Zilibaki siku za kuhesabu kabla ya mwezi kuandama.

Na sasa nitakwambia jambo ambalo huenda ulitegemea nisiseme. Sikubaki. Huenda ulidhani kisima kile kilinituliza, nikaoa Diff, nikafuga. Shangazi alitarajia hivyo, na wale waliosimama nami walistahili hivyo. Nilijaribu kulifikiria jambo hilo, na miguu ikakataa. Mungu humuumba kila mtu na ugonjwa wake. Niliaga kila nyumba, na safari hii nilijua majina. Shangazi alinishika mkono kwa muda mrefu. Yeye alijua, nami nilijua, kwamba sitarudi kuishi pale tena. Nimetuma nilichoweza, nimepiga simu kila Ijumaa mpaka alipofariki, na nimezungumziwa vizuri na vibaya. Lakini siku ile ndiyo niliyoondoka moja kwa moja.

Mzee Dahir alikuja kituo cha mabasi kuniaga, sijui kwa nini alijisumbua na jua lile. Akaiomba pasipoti yangu, akaipekua kurasa tupu, akanirudishia.

"Hii itamwambia askari wewe ni wa nchi gani," akasema. "Haitamwambia nani wa kukulilia."

Basi, mwanangu, wewe unayengoja zamu yako mbele ya dirisha la ofisi, ukiwaza ndege na jina la mji wa mbali, nasaha yangu si kwamba usiende. Mimi si mtu wa kukuambia hivyo. Nenda. Dai haki yako ya karatasi, usimwachie mtu, wala usikodi mtu wa kukusemea. Karatasi ni yako kwa kuzaliwa. Lakini karatasi huisha muda, hufanywa upya kwa picha na ada. Watu nao huisha muda, na hao hawafanywi upya kwa ada. Wafanye upya kwa miguu yako: nenda mazishini, nenda harusini, jua zamu ya shangazi yako inasukumwa na nani. Gombana nao ikibidi, kuleni sinia moja. Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, na umaskini mkubwa kuliko wote ni kufika mahali pa kuulizwa nani anasimama na huyu, kukawa kimya, na kimya kile kikaendelea.

Dua aliyonisomea mzee yule mlangoni mwa basi, huku dereva akipiga honi, nakusomea wewe leo. Mungu akufungulie njia na akufungie shari zake. Akupe mkate katika kila nchi na shukrani katika kila mkate. Mguu wako ukitoka usitoke na laana ya mtu, na ukichelewa kurudi, pawe na nyumba wanapouliza kwa nini umechelewa. Amina.